Wadudu wa Kuazima

Iko nchi inaitwa Sawasawa. Usiitafute kwenye ramani, kwa sababu siku ramani inachorwa wakuu wa Sawasawa walikuwa kwenye semina, wakaomba udhuru. Ni nchi yenye amani tele na mito tele. Kitu kikiharibika huko huundiwa kamati, na kamati ikiharibika huundiwa kamati nyingine ya kuisindikiza. Watu wake ni wapole mno. Ukimkuta Msawasawa nyumba yake inaungua ukamuuliza habari, atakujibu nzuri, atakuuliza za watoto, atakuuliza za huko utokako, ndipo kwa aibu kidogo atakuomba ndoo.

Katika nchi hiyo upo mtaa unaitwa Mchururo, umepewa jina la mto unaopita katikati yake. Mto wenyewe zamani ulikuwa na maji. Siku hizi una rangi. Juu kidogo ya mtaa kipo kiwanda cha kandambili, na bomba la kiwanda humwaga mtoni chochote kilichobaki kwenye mapipa. Jumatatu zikitengenezwa kandambili za bluu, mto ni wa bluu. Jumanne ni mwekundu. Jumatano ni wa kijani, na ndiyo siku wageni husema mandhari ya Mchururo inapendeza. Watu wa mtaa hawanunui kalenda. Mtu akitaka kujua leo ni lini huchungulia mtoni, basi.

Hapo Mchururo ndipo alipokuwa na banda lake mama lishe mmoja jina lake Siwema, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mdomo unaotembea mbele yake kama mbwa wa mwindaji. Wali wake ulisifiwa na maharage yake yaliimbwa. Ila maji. Maji ya kupikia aliyafuata kwenye chemchemi ya mbali, ndoo kichwani, na aliporudi shingo imeingia mabegani alikuta wateja wameshashiba mihogo ya jirani. Siku moja aliishiwa, akajaribu kupikia maji ya mto. Ilikuwa Jumatano. Wateja walikula maharage ya kijani wakanyamaza kwa adabu, lakini hawakurudi wiki nzima. Siwema alijua kwamba bila bomba la maji banda lake halimalizi mwaka.

Sasa, Sheria ya Maji ya Sawasawa ni fupi, hata mlevi huielewa: mtaa wenye mto mchafu hupewa bomba, na mtaa wenye mto safi hupewa cheti. Sheria nzuri sana. Ina tatizo dogo tu, kwamba bomba lina gharama na cheti ni karatasi, kwa hiyo tangu sheria hiyo ipite hakuna mto hata mmoja uliokutwa mchafu.

Asubuhi moja, mto ukiwa mwekundu, gari la matangazo lilipita Mchururo. Lilisema wananchi wanaombwa kujitolea kwa hiari yao kupima ubora wa maji ya mito, na kwamba majina ya waliojitolea kwa hiari yao yameshabandikwa ofisini. Watu wakakimbilia ofisini kuangalia kama wamejitolea. Waliojikuta wamejitolea walilia, wengine wakaenda kutafuta barua za daktari. Siwema alipokuta jina lake alipiga kigelegele peke yake mbele ya ubao. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa rahisi: mto ni mchafu, yeye ataupima, utaonekana mchafu, bomba litakuja. Alikuwa hajawahi kufanya kazi na serikali.

*

Mafunzo yalitolewa na Afisa Mito, Bwana Kitunzi. Huyu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayesoma hata anapoongea, na katika maisha yake yote ya kusimamia mito hakuwahi kuingia hata mmoja, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa mali ya umma. Alianza kwa kuwapongeza wote kwa moyo wao wa kujitolea, hasa wale waliokuwa wameshikwa mikono na mgambo mlangoni. Kisha wakanywa chai. Baada ya chai likafanyika tathmini ya chai. Kisha wakagawiwa fulana za wapimaji wa hiari, nyeupe, zilizoandikwa mgongoni MAJI NI UHAI na kifuani, kwa herufi kubwa zaidi, jina la kiwanda cha kandambili, ambacho ndicho kilichozitoa kwa moyo mkunjufu.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama ndipo somo lenyewe lilipoingia. Wafadhili walikuwa wameleta wavu wa mpini mrefu, beseni jeupe na kitabu cha picha. Unaingiza wavu mtoni, unachokora mawe kwa mguu juu kidogo, unainua, unamwaga kwenye beseni, unaangalia mdudu gani yumo. Mkubwa wao ni mtoto wa kereng'ende. Kereng'ende mnamjua, yule mdudu mwenye mabawa manne anayesimama hewani kama amesahau alichofuata. Kabla hajaota mabawa huishi majini, hana uzuri wowote, ana sura ya mtu aliyeamshwa. Kitabu kilisema akipatikana huyo, maji ni mazima. Asipopatikana, maji yana neno.

Siwema alikisoma kitabu chote akiwa jikoni, akikigeuza kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na unga. Alimjua mtoto wa kereng'ende kuliko alivyowajua watoto wa dada yake.

Siku ya kupima alikwenda mtoni na Chande, fundi baiskeli, ambaye naye alikuwa amejitolea baada ya kukamatwa. Ilikuwa siku ya bluu. Chande alishika beseni akakaa mbali, akisema yeye mguu wake una kidonda, na alipoulizwa mguu upi akachelewa kuchagua. Siwema akaingia, akachokora, akachota. Alipata kandambili moja ya kushoto. Akachota tena, akapata nyingine, ya kushoto pia. Mara ya tatu alipata chura, lakini alipomtazama vizuri akaona chura mwenyewe anapanda ukingo, hatazami nyuma.

"Huyo mhesabu," alisema Chande.

"Huyu anahama."

"Mhesabu kabla hajavuka mpaka. Kwani serikali itamfuata?"

Siwema hakumhesabu. Alikwenda ofisini moja kwa moja, miguu ya bluu mpaka magotini, akamwambia Bwana Kitunzi kwa furaha yote kwamba mto hauna kitu, hauna hata kiroboto, umepata sifuri ya mviringo kabisa.

Bwana Kitunzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kama vile sifuri ingeondoka na vumbi. Akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba mitaa mingine yote imeleta wadudu kwa maelfu. Mtaa mmoja, kwa ari tu, umeleta mpaka nyangumi. Sasa yeye anakuja na sifuri, na sifuri katika utumishi wa umma si jibu. Ni utovu wa nidhamu.

"Lakini ndiyo iliyokuwemo," alisema Siwema.

"Ndugu mpimaji," alisema Bwana Kitunzi, "kazi yako ni kujitolea. Kuona si kazi yako."

*

Kabla jambo hilo halijaundiwa kamati, ikaja habari kubwa zaidi. Waziri wa Maji na Vitu Vinavyotiririka, Mheshimiwa Mapambano, angefanya ziara ya mito yote ya wilaya, aone wadudu kwa macho yake, akabidhi vyeti kwa mikono yake. Na ziara ingemalizikia Mchururo.

Hapa lazima umjue Mheshimiwa Mapambano. Alikuwa mnene, mcheshi, hana ubaya na mtu, ila alipenda vyeti. Mtu mwingine hupenda nyama, mwingine pombe, yeye vyeti. Ukutani kwake kulikuwa na cheti cha kuhudhuria kila kitu kilichowahi kuhudhuriwa. Alikuwa na cheti cha ushonaji, cha uzamiaji, cha abiria mwenye nidhamu, na kimoja cha Mama Bora wa Mwaka ambacho alipewa kimakosa akaona si vizuri kuwaaibisha waandaaji. Kutoa cheti kwake kulikuwa huzuni. Alikuwa akikishika kile cheti kwa muda, mpokeaji akivuta upande wa pili, mpaka msaidizi akohoe.

Maandalizi yakaanza. Sawasawa hawajui kumpokea mgeni kwa mkono mtupu. Mawe yote ya kandokando ya barabara yalipakwa chokaa. Miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni. Mbuzi mmoja aliyelala karibu na miti akaamka mweupe nusu, na mwenye mbuzi akakataa kumpokea kwamba si wake. Kiwanda kiliombwa kisimwage rangi kwa muda wa ziara, nacho kikakubali kwa uzalendo, kikawa kinazihifadhi rangi zote kwenye mapipa ili zisipotee. Mto ukabaki na rangi yake ya asili ambayo hakuna aliyekuwa anaikumbuka, kitu kama chai iliyosahauliwa.

Palibaki jambo la wadudu. Na kwa kuwa wadudu wa mitaa mingine waliishi kwenye taarifa tu, hofu ilikuwa wilaya nzima. Bwana Kitunzi alikosa usingizi, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Halafu akakumbuka ng'ombe. Miaka ya nyuma alikuja waziri wa mifugo kukagua ng'ombe wa maziwa, ambao wilaya haikuwa nao, basi waliazimwa ng'ombe wa misheni wakatangulizwa mbele ya msafara, kijiji kwa kijiji, wakikaguliwa kila mahali kama wenyeji. Mpaka ziara inaisha wale ng'ombe wakisikia king'ora walikuwa wanajipanga wenyewe.

Kilichofanyika kwa ng'ombe, kwa mdudu kitashindikanaje? Kule milimani ulikuwepo mto ambao haujafikiwa na maendeleo, na watoto wa kereng'ende walikuwa wamejaa chini ya kila jiwe. Ikatumwa timu ikachota ndoo nzima.

Ila hakuna aliyeweza kuwatofautisha na mende ila Siwema. Kwa barua yenye mihuri akateuliwa kuwa Mlezi Mkuu wa Wadudu wa Ziara, kwa kujitolea. Alitaka kukataa. Alimwambia Bwana Kitunzi wazi kwamba yeye anataka bomba, na wadudu wakionekana Mchururo ndiyo basi tena, ataletewa karatasi, na karatasi haipiki maharage. Bwana Kitunzi akamkumbusha, kwa upole uleule wa nchi ile, kwamba banda lake limekaa kwenye hifadhi ya barabara, na kwamba tingatinga la wilaya lilikuwa limetoka matengenezo na lilikuwa linatafuta kazi.

Siwema akaibeba ndoo.

*

Wadudu walipewa gari lao, lenye kiyoyozi. Ndoo ilikaa kiti cha mbele na mkanda ikafungwa. Siwema alikaa nyuma, kwa kuwa itifaki ilisema mlezi hawezi kumtangulia mlelewa. Pikipiki ya polisi ilitangulia ikipiga king'ora, na watu njiani wakapunga vijibendera, wakiamini ndani yumo mkubwa fulani mfupi.

Mambo yakaenda hivi. Wakifika mtoni, kipande cha mto kinazungushiwa chandarua, wadudu wanamwagwa ndani yake. Msafara unafika, kwaya inaimba, Mheshimiwa anaingia majini na mabuti yake meupe, anapewa wavu, anachota, anainua, na wadudu hao hapo wanapiga mateke. Makofi. Hotuba. Cheti, kwa kuvutana. Wakati Mheshimiwa anakunywa soda, Siwema anawachota wadudu mmoja mmoja, king'ora, mto unaofuata. Kama ulikuwa unangoja nikwambie Mheshimiwa alinyweshwa maji ya mito hiyo, hujui itifaki. Waziri ana mtu wa kumnywea. Yule bwana mpaka jioni alikuwa hawezi kusimama, lakini alipongezwa.

Kwa mito ya kwanza hakukuwa na matata. Lakini Mheshimiwa, pamoja na unene wake, alikuwa na macho. Katika mto mmoja aliinua mdudu kwa vidole akamgeuza, akamgeuza tena. Mdudu alikuwa na mguu uliokatika.

"Huyu," alisema, "nilimwona asubuhi."

Bwana Kitunzi akasogea, akajibu kwamba huyo atakuwa ndugu yake yule wa asubuhi, Mheshimiwa, ni ukoo mmoja, wametawanyika mito mbalimbali kutafuta maisha, na ulemavu huo ni wa kurithi. Mheshimiwa akaguswa sana. Akatoa pole kwa ukoo mzima, akaagiza utengewe mfuko wa maendeleo, na kila mto uliofuata akawa anauliza kwanza, hajambo yule mwenye mguu? Akimpata hufurahi kama aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini.

Siwema naye alikuwa anaona jambo jingine. Wadudu walikuwa wameacha kula. Mgongoni walikuwa wamevimba, ule uvimbe wa kwenye kurasa za mwisho za kitabu, na walikuwa wanapanda ukuta wa ndoo, wakifika ukingoni wanasimama kama abiria aliyesikia kituo chake kimetajwa. Alimwambia Bwana Kitunzi kwamba hawa wametimiza umri, wanataka kutoka majini wawe kereng'ende wakubwa. Bwana Kitunzi akasema hakuna mtumishi atakayestaafu kabla ziara haijaisha. Akafunika ndoo.

*

Walifika Mchururo kesho yake, jua likiwa limekaa utosini. Mtaa mzima ulikuwepo. Mwenye kiwanda alikaa mstari wa mbele, kavaa miwani ya giza, mkewe akijipepea kwa kandambili mpya. Siwema aliwamwaga wadudu ndani ya chandarua. Banda lake lilionekana kutoka pale, na sufuria kubwa limepinduliwa mlangoni, kavu. Aliwaza, nimewabeba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe, waje wanizibie bomba langu.

Mheshimiwa aliingia mtoni, ndani ya chandarua, maji yakiishia vifundoni, suruali ya suti yake ya kaunda nyeupe pe, imeshuka juu ya mabuti. Na kwa kuwa huu ulikuwa mto wa mwisho, alisema ataanza na hotuba kabla ya kuchota.

"Ndugu wananchi," alisema, "maji ni maji. Na palipo na maji, ndugu zangu, kwa utafiti uliofanywa na wizara yangu, pana majimaji."

Makofi yalilipuka. Hotuba ikaanza safari yake, ikapita kwenye historia ya maji tangu mvua ya kwanza, ikageuka kushoto kwenye umuhimu wa umande.

Chini huku, wadudu walikuwa wamekwisha kuonja mto. Walikuwa wamezoea maji ya milimani, na hata kwenye mito mingine walivumilia, lakini haya ya Mchururo, yaliyopikwa kwa rangi miaka yote ile, hawakuyajadili. Siwema aliwaona wakikimbilia ukingo wa chandarua, mstari mmoja kama waumini wanaotoka ibadani. Hapakuwa na unyasi wala jani la kupandia. Mto ule haukuwa na mmea ulio hai. Palikuwa na kitu kimoja tu kilichosimama ndani ya maji, kipana, cheupe, hakitikisiki.

Wa kwanza kupanda Mheshimiwa alikuwa yule mwenye mguu uliokatika.

Itifaki ya Sawasawa iko wazi. Waziri akihutubia, haruhusiwi mtu kumkatiza, kumgusa wala kumnyooshea kidole. Basi watu wote waliona, na wote wakatulia. Bwana Kitunzi alikohoa. Akakohoa kwa namna nyingine. Mheshimiwa akadhani ana kifua, akaongeza aya moja kuhusu afya. Wadudu walipanda buti, wakashika suruali, wakafika magotini, wakatulia. Kisha migongo yao ikaanza kupasuka.

Kitabu kilisema kazi hiyo huchukua muda mrefu. Mheshimiwa naye huchukua muda mrefu. Wakati hotuba inapita kwenye mabonde ya mito ya ulimwengu, vichwa vilikuwa vimetoka. Ilipofika kwenye nafasi ya kina mama katika ukungu, mabawa yalikuwa yamening'inia, yamelowa, yamekunjana kama nguo zilizotoka kukamuliwa. Hadhira yote ilikuwa imeacha kupumua. Mheshimiwa hakuwahi kusikilizwa namna hiyo maishani mwake, akanogewa, akaongeza sura.

"Mimi ninayesema nanyi," alisema akijipiga kifua, "sikuzaliwa mjini. Mimi ni mtoto wa Kilimani."

Siwema aliposikia neno Kilimani aliinua kichwa. Yeye kwao ni Bondeni. Na kama kuna sheria moja Sawasawa iliyo kubwa kuliko itifaki, ni utani. Watu wa Kilimani na watu wa Bondeni ni watani tangu mababu walipopigana, wakachoka, wakaoana. Mtani anaweza kukunyang'anya kitambaa msibani, anaweza kulala kwenye kaburi mpaka umlipe, na hakuna mkuu wa kitu chochote anayeweza kumkasirikia. Akikasirika, ndiye mwenye kosa.

Alitembea mpaka ukingoni. Polisi mmoja alitaka kumzuia.

"Niache," alisema Siwema, "namwendea mtani wangu. Mheshimiwa, mimi wa Bondeni."

Hotuba ikasimama katikati ya neno. Uso wa Mheshimiwa ukafunguka wote, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Wa Bondeni? Ndiyo maana tangu nimefika nasema mbona hapa pananuka. Kumbe walaji wa kambale mko karibu."

"Afadhali sisi tunanuka samaki, Mheshimiwa. Nyinyi wa Kilimani mnaoga siku ya harusi, tena iwe ya mwenzenu."

Mheshimiwa alicheka mpaka tumbo likamtikisika, na kereng'ende nao wakatikisika. Akamuuliza amefuata nini, au amekuja kumwibia mabuti. Siwema akamwambia achote kwanza wadudu, ndipo waongee. Akapewa wavu. Akachota, akainua: tope. Akachota tena, akapata kandambili ya kushoto. Akageuka kumtazama Bwana Kitunzi, na Bwana Kitunzi akawa anatazama mbingu kama anayengojea nayo itoe taarifa.

"Wadudu wako wapi?"

"Tazama suruali yako, mtani," alisema Siwema.

Akatazama. Wamemvaa kuanzia magotini mpaka mapajani, wekundu, wa bluu, wa dhahabu, mabawa yamekauka yanameremeta juani. Mwenyewe aliona kama ametunukiwa nishani za nchi ambazo bado hazijapata uhuru.

"Kitabu cha wafadhili kinasema, alipo huyu mdudu ndipo palipo na maji safi," Siwema aliendelea, sasa akisema ili mtaa mzima usikie. "Na sisi watu wa kitabu. Mto wameukimbia. Wewe wamekukimbilia. Kwa hiyo mto uliofaulu hapa leo ni wewe."

Mwenye kiwanda alivua miwani. Mheshimiwa akamuuliza Bwana Kitunzi kama sayansi inakubali hivyo. Bwana Kitunzi hakuwahi kumkatalia mkubwa tangu azaliwe, na kukubali kulikuwa rahisi kuliko kuanza kueleza habari za ndoo. Akasema sayansi inakubali, Mheshimiwa, tena kwa kauli moja.

Na cheti kilikuwepo mezani. Kimechapwa, kina utepe, kina muhuri wa dhahabu. Mheshimiwa alikitazama, na macho yake yakawa kama ya mtoto aliyeona chungu cha asali hakina mfuniko. Kalamu ikaletwa. Palipoandikwa Mto Mchururo pakapigwa mstari, pakaandikwa jina lake. Alikitia sahihi, akajikabidhi, akajishika mkono, akajipongeza kwa niaba ya serikali na akajishukuru kwa niaba ya mto. Kwa mara ya kwanza katika ziara ile cheti hakikuvutwa na mtu wa pili. Kereng'ende wakaona yanatosha, wakaruka wote pamoja, wakaelekea milimani.

"Na huu wa kwenye maji?" aliuliza Siwema. "Umepata ngapi?"

"Huu umeanguka," alisema Mheshimiwa bila kuutazama, anasoma cheti chake. "Upewe bomba."

*

Kumbe wizara haikuwa na bomba. Mto haukuwahi kuanguka tangu sheria itungwe, basi hakuna aliyewahi kununua bomba hata la mfano. Mafundi wakakaa na sheria, wakaisoma mbele na nyuma, maana mafundi wa Sawasawa ukiwapa karatasi huifuata kama reli. Sheria ilisema aliyefaulu hana haja ya bomba. Wakaangalia orodha ya waliofaulu. Wengine wote walikuwa mito, na mto hauna bomba la kung'oa. Aliyekuwa na bomba alikuwa mmoja.

Wakaenda nyumbani kwa Mheshimiwa Mapambano, wakamsalimu, wakampongeza kwa kuwa mto, wakachimba bustani, wakang'oa bomba lote kuanzia jikoni mpaka barabarani. Mheshimiwa alilalamika sana. Wakamwambia hakuna shida, arudishe tu cheti. Akaingia ndani, akasimama mbele ya ukuta wake muda mrefu. Akatoka akawaambia wachimbe taratibu, wasikanyage maua.

Bomba hilo ndilo liko Mchururo mpaka sasa, hatua chache kutoka banda la Siwema, na wali wake umeanza tena kusifiwa. Kila jioni gari la wizara lenye bendera huja kupanga foleni na madumu nyuma ya kina mama. Chande aliwahi kumuuliza dereva, tangu lini mto ukatuma watu kuchota maji. Dereva akasema yeye hajui siasa, yeye ametumwa tu.

Lakini cheti kina masharti, na mto uliofaulu hukaguliwa kila mwezi. Suruali ile ya kaunda ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ni marufuku kuifua, kuipiga pasi wala kulisha mifugo ndani ya eneo lake. Siwema, mpimaji wa hiari, hufika mlangoni na wavu na beseni jeupe, akabisha hodi. Mke wa Mheshimiwa humfungulia, humkaribisha kiti, huuliza habari za watoto, kisha huziba pua kwa upande wa kanga na kugeukia ndani.

"Baba," huita, "vaa mto. Wapimaji wamefika."